Matuta ya Matombo na Haki Zilizochelewa

Julai 1955, huko Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, wakulima walijikusanya wakiwa na ujumbe mfupi kwa serikali: matuta hatuyataki. Mkutano wao na wakubwa ukageuka vurugu. Mawe yakarushwa, polisi wakajibu kwa moshi wa machozi, kisha kwa risasi, na mtu mmoja akauawa. Haukupita muda mrefu, mpango ambao serikali ya kikoloni ilikuwa imeutetea kwa miaka mitano ukawekwa kando, na Waluguru wakarudi kulima miteremko yao kwa namna waliyoona inawafaa.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kwa namna mbili. Mabwana shamba hukisimulia kama somo la udongo, la wataalamu waliopima mlima vibaya. Wanasiasa hukisimulia kama ukurasa wa harakati za uhuru: chama cha TANU kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na hasira za Matombo zilikipa wanachama. Yote mawili ni kweli. Lakini ndani yake mna kisa cha tatu, cha kisheria, ambacho hakijasimuliwa vya kutosha. Ni nani mwenye mamlaka ya kumwamuru mtu mzima achimbe nini katika shamba la ukoo wake? Akikataa, nani amhukumu? Na akiona ameonewa, aende kwa nani? Tanganyika, na baadaye Tanzania, ilichukua miaka mingi kuyajibu maswali hayo kwa maandishi, na Morogoro ilijikuta karibu na kila hatua, mara nyingine kwa bahati tu, mara nyingine kwa damu.

Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, ulioitwa kwa kifupi ULUS, ulianza mwaka 1950. Hofu iliyouzaa haikuwa ya kubuni. Uluguru hupata mvua nyingi, miteremko yake ni mikali, na watu wake walikuwa wameongezeka. Kila masika udongo ulishuka mabondeni. Maji ya mto Ruvu, yanayotumiwa Dar es Salaam mpaka leo, hutoka huko, na mto Ngerengere nao hushuka kutoka huko ukapita Morogoro mjini. Serikali ilitaka mlima ushikamane. Dawa yake ikawa moja kwa wote: mwenye shamba achimbe matuta ya ngazi, asichome nyasi ovyo, na asiyetimiza kipimo alichopangiwa apigwe faini.

Kuchimba tuta la ngazi mlimani si kazi ya kupitisha jembe juu juu. Mtu hukata ubavu wa mlima, akatoa udongo wa upande wa juu na kuujaza upande wa chini mpaka apate sehemu ya usawa, halafu hupanda hatua chache na kuanza upya. Pale ambapo udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, kazi hiyo huufukia ule mweusi na kuuleta juu ule mwekundu usiozaa. Ndivyo ilivyokuwa katika sehemu nyingi za Uluguru. Mtu alitoa jasho lake, kisha akavuna kidogo kuliko alivyokuwa akivuna kabla ya kusaidiwa. Wanawake, waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya shamba, hawakuhitaji ripoti ya mtaalamu kuliona hilo. Wala watu wa milimani hawakuwa na uadui na tuta kama tuta. Kule Mgeta, upande wa magharibi, walikuwa na matuta yao wenyewe waliyoyazoea. Walichokikataa ni tuta la amri.

Ubishi huo wa kilimo ungeweza kumalizwa kwa mazungumzo kama sheria ingeacha nafasi ya mazungumzo. Haikuacha. Amri ya matuta haikutolewa na mkuu wa wilaya, Bwana DC, kwa jina lake. Ilipitia kwa Serikali ya Wenyeji, chini ya Sultani Sabu bin Sabu, kwa nguvu ya sheria ya mwaka 1926 iliyowapa machifu mamlaka ya kuwaamuru watu wao. Chini ya Sultani walikuwapo wandewa. Amri ikitoka juu, wao ndio walioifikisha kijijini na kuangalia nani ametimiza na nani amekaidi, na mkaidi alipelekwa kwenye baraza la Serikali ya Wenyeji hiyo hiyo. Mtunga amri, mshitaki na hakimu walikula sahani moja. Juu yao alikaa DC, na huyo ndiye aliyetaka matuta yachimbwe tangu mwanzo.

Lililozidisha ugumu ni kwamba usultani wenyewe ulikuwa koti la kuazima. Kabla ya ukoloni Waluguru hawakuwa na mtawala mmoja. Mlima uligawanywa kwa koo, na ardhi ilishikwa na ukoo, lukolo, kwa upande wa mama. Mtu alipata shamba kwa wajomba zake; mwanamke alikuwa nalo kwa haki ya kuzaliwa, hata akiolewa. Kingalu wa Kinole aliheshimika mbali kwa sababu ya mvua, lakini heshima hiyo haikumpa nguvu ya kuingia katika shamba la mtu na kumpimia hatua za kuchimba. Basi mndewa alipokuja na amri ya tuta, wengi hawakumwona mkubwa wao. Walimwona karani.

Waingereza walilijua tatizo la watendaji wao. Mwaka 1953 walifungua shule ya serikali za mitaa huko Mzumbe, si mbali na Morogoro mjini, ili machifu na makarani wao wafundishwe kutawala kwa utaratibu. Shule hiyo ndiyo iliyokua ikawa Chuo Kikuu Mzumbe, kinachofundisha sheria hadi leo. Miaka miwili tu baada ya madarasa kufunguliwa bondeni, utaratibu ulikuwa umeshindwa mlimani.

Cha kushangaza, haki za watu wa Matombo zilikuwa tayari zimeandikwa mahali. Mkataba wa Udhamini wa mwaka 1946, ambao kwa huo Uingereza iliitawala Tanganyika chini ya jicho la Umoja wa Mataifa, uliitaka iwahakikishie wenyeji uhuru wa kusema, wa magazeti, wa kukusanyika na wa kupeleka malalamiko. Uliitaka pia izingatie mila zao katika mambo ya ardhi. Kuhusu kusema na kukusanyika uliacha sharti moja tu: mahitaji ya amani ya umma. Wameru waliutumia mlango huo mwaka 1952, walipomtuma Kirilo Japhet New York kulalamikia ardhi waliyofukuzwa. Machi 1955 Julius Nyerere naye alifika mbele ya Baraza la Udhamini kuisemea TANU. Miezi minne baadaye, huko Matombo, lile sharti la amani ya umma lilipata tafsiri yake kwenye mtutu wa bunduki.

TANU ilikuwa na sikio mlimani. Miongoni mwa watu 17 walioiasisi Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954 alikuwamo Mluguru, Patrick Kunambi, ambaye baadaye akawa Chifu Mkuu wa Waluguru. Manung'uniko juu ya matuta yakachukuliwa na chama, kama yalivyochukuliwa ya Usambara na ya Usukuma, ambako nako watu walichoshwa na amri za namna ya kulima na kufuga. Ingetarajiwa kwamba chama kilichopandishwa na watu waliokataa kulazimishwa kingekuwa cha kwanza kutaka kinga ya raia dhidi ya serikali iandikwe ndani ya katiba. Kilifanya kinyume.

Wakati Tanganyika ikikaribia uhuru, ilikuwa imeanza kuwa desturi ya Waingereza kuzifungia nchi zinazoondoka mikononi mwao Hati ya Haki ndani ya katiba. Nigeria iliipata. Uganda na Kenya zikaja kuipata. Tanganyika ilijitawala tarehe 9 Desemba 1961 bila hati hiyo, kwa sababu viongozi wake waliikataa. Hawakuificha sababu yao. Nchi ilikuwa changa na maskini, ilikuwa na haraka, na majaji wake wengi walikuwa bado wageni. Hati ikiwekwa, mahakama zingetumika kuizuia serikali katika mipango yake ya maendeleo. Waraka wa serikali wa mwaka 1962 juu ya kuanzisha jamhuri ulidai kwamba utawala wa sheria hulindwa vizuri zaidi na majaji walio huru kuliko na orodha ya haki kwenye karatasi. Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliiona hati hiyo kuwa anasa inayokaribisha migogoro.

Mkulima aliyewahi kumsikiliza bwana shamba wa ULUS angeitambua hoja hiyo hata akiwa amefumba macho. Serikali inalijua lililo jema, na mwenye haki ya kukataa atalichelewesha. Ni kweli kwamba safari hii waliosema hivyo walikuwa wamechaguliwa na watu wao, na hiyo si tofauti ndogo. Hata hivyo mtu anayeamriwa hupata mzigo ule ule, awe amepigiwa kura huyo mwamuru au hakupigiwa.

Katiba ya Jamhuri ya mwaka 1962 ilizitaja haki katika utangulizi wake, mahali ambapo mahakama haikuweza kuzishika mkono. Mwaka huo huo ikaja Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1921 iliyoruhusu mtu kuhamishwa kwa nguvu kutoka sehemu moja ya nchi hadi nyingine haikufutwa. Iliachwa kabatini, ikiwa tayari kutumika. Tume iliyoandaa mfumo wa chama kimoja mwaka 1965 nayo haikutaka Hati ya Haki. Badala yake ikazaliwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake Afrika, ya kusikiliza wananchi walioonewa na maofisa. Iliweza kuchunguza na kupendekeza. Kuamua kulibaki kwa Rais.

Jambo moja lilibadilika kweli, nalo lastahili kutajwa kwa haki. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa na mahakama zikapangwa upya, kuanzia Mahakama ya Mwanzo kwenda juu, chini ya mahakimu wasiokuwa wakubwa wa eneo. Ile sahani moja ya mtunga amri na hakimu ilivunjwa. Amri zenyewe hazikuisha. Mwaka 1974 mkulima aliambiwa kwamba kilimo ni cha kufa na kupona, halmashauri zikamtungia sheria ndogo za ekari na mazao, na kufikia mwaka 1976 kila mtu wa vijijini alitakiwa awe amehamia kwenye kijiji kilichoandikishwa, katika Operesheni Vijiji.

Kisha ukaja mwaka 1983, uliovuta nchi pande mbili kwa wakati mmoja.

Februari, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, chama tawala kilichorithi TANU, ilitoa mapendekezo ya kubadili Katiba ya 1977 na kuwaalika wananchi kuyajadili. Mjadala haukukaa ndani ya uzio uliowekewa. Wanasheria, wasomi na Wazanzibari wengi walikuja na dai ambalo halikuwamo kwenye orodha ya chama: Hati ya Haki. Mwezi uliofuata Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Maghala na nyumba zikapekuliwa, na kukutwa na shehena ya sabuni au vitenge ikawa hatari kama kukutwa na silaha. Sheria maalumu ilitungwa watu wakiwa wamekwisha kukamatwa, ikarudishwa nyuma ili iwakute. Kesi hazikwenda kwenye mahakama za kawaida. Zilikwenda kwenye baraza maalumu, na mshitakiwa hakuwa na dhamana wala wakili. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka huo huo nayo ikawafagia mijini walioonekana hawana shughuli na kuwapeleka vijijini na mashambani.

Wengi walimshangilia Sokoine, na wengi wanamlilia hadi leo. Bidhaa zilikuwa adimu, walanguzi walichukiwa, na yeye mwenyewe alisifika kwa uadilifu. Hapo ndipo penye mtihani kwa kila anayetetea haki kwa maneno makubwa: uvunjaji huu wa haki ulipendwa na watu. Kura ya maoni ingepigwa Aprili 1983, mlanguzi asingepata wakili.

Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alikuwa akitoka bungeni Dodoma kuelekea Dar es Salaam. Eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, msafara wake ulipata ajali na akafariki. Julai mwaka huo kilianzishwa chuo kikuu cha kilimo Morogoro mjini, chini ya vilele vya Uluguru, kikapewa jina lake: mtu wa amri kali akaachiwa ukumbusho kwenye mlima uliowahi kukataa amri za kilimo. Mwaka 1984 haukuisha kabla sheria yake ya wahujumu uchumi haijafutwa na nyingine kutungwa, iliyozirudisha kesi hizo chini ya majaji na kumruhusu mshitakiwa kuwa na wakili. Na mnamo Oktoba Bunge likapitisha Mabadiliko ya Tano ya Katiba. Miaka 23 baada ya uhuru, Hati ya Haki ikaingia.

Iliingia ikiwa na breki. Ibara ya 12 hadi ya 24 zilitaja usawa, uhai, uhuru wa mtu binafsi, wa maoni, wa dini, wa kukusanyika, kazi na mali; halafu Ibara ya 30 ikafungua mlango wa kuzipunguza kwa ajili ya usalama, amani na maslahi ya umma. Lile sharti la mkataba wa 1946 lilikuwa limerudi likiwa limenenepa. Tena Bunge liliamua kwamba kwa miaka mitatu mtu asiweze kuishitaki serikali kwa kuvunja ibara hizo, ili serikali ipate nafasi ya kusafisha vitabu vya sheria. Muda huo ulikwisha Machi 1988. Vitabu vilikuwa karibu vilevile.

Kwa hiyo usafi ukafanywa na majaji, kesi kwa kesi. Jaji James Mwalusanya, akiwa Mwanza, alikuwa wa kwanza kukunja mikono ya shati: mwaka 1988 aliibatilisha ile sheria ya kuwahamisha watu ya mwaka 1921, na mwaka 1990 akaamua, katika kesi ya Holaria Pastory, kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza shamba la ukoo sawa na mwanamume. Mwanamke wa Kiluguru akiisoma hukumu hiyo angeweza kushangaa kwamba jambo hilo lilihitaji jaji. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba mtu hawezi kunyimwa dhamana kwa sheria isiyompa nafasi ya kusikilizwa. Ndiyo kesi ya Daudi Pete, ambayo kila mwanafunzi wa sheria Mzumbe huijua. Mwishoni mwa 1994, katika kesi ya Lohay Akonaay, mahakama hiyo chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na serikali haiwezi kuifuta kwa kalamu. Akonaay alikuwa mkulima wa mkoa wa Arusha aliyepoteza shamba wakati wa Operesheni Vijiji. Lakini hukumu ile ilimhusu kila aliyeshika shamba kwa mila, na mashamba mengi ya Uluguru hushikwa hivyo.

Wakati Watanzania wakijifunza kuitumia hati yao, ng'ambo ya mji wa Morogoro, huko Mazimbu, walikuwapo wakimbizi wa kisiasa waliokuwa wakiiwazia yao. ANC ya Afrika Kusini ilifanya mkutano wake maarufu Morogoro mwaka 1969, na baadaye ikajenga Mazimbu shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992. Miaka minne baadaye Afrika Kusini ilipata katiba yenye sura ya haki inayosifiwa duniani kote. Wakati majengo yanakabidhiwa, wenyeji wao, waliowapa ardhi na hifadhi, walikuwa bado wanabishana kama polisi atoe kibali cha mkutano.

Ubishi huo uliamuliwa tarehe 24 Oktoba 1994, Dodoma. Jaji Kahwa Lugakingira, katika kesi iliyofunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila, alifuta matakwa ya kibali: anayetaka kuandamana au kuhutubia atoe taarifa kwa polisi, asiombe ruhusa. Katika hukumu hiyo hiyo aliruhusu pia mgombea binafsi, na Bunge likabadili Katiba haraka kumzuia. Kuhusu mikutano, tofauti ya taarifa na ruhusa ilieleweka mahakamani kuliko barabarani. Tarehe 27 Agosti 2012 polisi walitawanya wafuasi wa chama cha upinzani cha CHADEMA Morogoro mjini, na kijana muuza magazeti akapoteza maisha. Siku sita baadaye mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa mkoani Iringa katika tukio la aina hiyo hiyo, na kifo chake kikafunika kile cha Morogoro kwenye kurasa za mbele.

Kesi ambayo Morogoro inaweza kuiita yake hasa ilianzia kwenye kipaza sauti. Tangu miaka ya 1980 mihadhara ya dini ilikuwa imeshika miji ya Tanzania. Wahubiri wa Kiislamu walisimama viwanjani wakiwa na Biblia mkononi, wakiisoma kwa sura na mstari kuthibitisha kwamba Yesu alikuwa nabii. Wahubiri wa Kikristo nao walijibu mapigo. Watu walijaa, wakacheka, wakazomea, wakaenda nyumbani kupika. Wakubwa wa serikali hawakupenda.

Katika mkutano mmoja wa hadhara wa Kiislamu, Morogoro mjini, Hamisi Rajabu Dibagula alitamka kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Alikamatwa. Akashitakiwa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomtia hatiani mtu anayetamka neno, mbele ya masikio ya mwingine, kwa kusudi la kuumiza hisia zake za dini. Kifungu hicho ni cha ukoo wa Kanuni ya Adhabu ya India, ambayo Waingereza waliitumia Tanganyika kabla ya kuitungia kanuni yake mwaka 1930. Kilitungwa na watawala waliokuwa na hofu ya raia wa dini mbalimbali waliowatawala kwa pamoja. Mwaka 2001 Mahakama ya Wilaya ya Morogoro ilimwona Dibagula ana hatia na kumfunga miezi 18.

Hukumu hiyo iliwasha moto nje ya Morogoro. Msikitini na magazetini swali lilikuwa moja: ikiwa kusema Yesu si mwana wa Mungu ni jinai, basi kuhubiri Uislamu ni jinai, maana hilo ni jambo la msingi katika imani yenyewe. Na kwa mizani hiyo hiyo, padri anayesema kinyume chake mbele ya Mwislamu naye afungwe. Agosti 2001 Mahakama Kuu ilipunguza adhabu ili aachiwe mara moja, lakini ikaacha hatia ibaki juu yake. Hilo halikuwatosha waliokuwa wamekasirika. Dar es Salaam Waislamu waliandamana, polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi na kuwakamata wengine. Serikali ilikuwa imejikuta inalinda hisia za dini moja mbele ya hasira za nyingine, kazi ambayo haina mwisho mwema.

Shauri lilipofika Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Barnabas Samatta, hatia ilifutwa. Mahakama ililiangalia shauri kwa macho ya Ibara ya 19, ya uhuru wa dini, unaojumuisha uhuru wa kuitangaza. Kisha ikarudi kwenye maneno ya kifungu chenyewe: haitoshi kwamba msikilizaji ameumia, lazima msemaji awe amekusudia kumuumiza. Mtu anayeeleza kile ambacho dini yake inafundisha, hata kama jirani hakipendi, hajathibitishwa kuwa na kusudi hilo kwa kusema tu. Hakukuwa na jipya sana katika mantiki hiyo. Mwanasheria yeyote angeweza kuiona mwaka 2001. Upya ulikuwa kwamba haki iliyoandikwa mwaka 1984 ilikuwa imemfikia mhubiri wa kiwanjani, asiye na cheo wala chama.

Namna ilivyomfikia nayo ina somo lake kwa wanaosoma sheria. Dibagula hakufungua kesi ya kikatiba. Alikuwa mshitakiwa wa jinai, aliyepanda ngazi za rufani akiwa na hukumu ya kifungo mgongoni. Mlango wa mbele ulikuwapo: tangu mwaka 1994 kuna sheria mahsusi ya kutekeleza haki na wajibu wa msingi, inayotaka shauri la namna hiyo lifunguliwe Mahakama Kuu na lisikilizwe na majaji watatu. Kwa mtu wa Matombo au Mgeta, hiyo kwa miaka mingi ilimaanisha safari ya Dar es Salaam, wakili wa kulipwa, na kusubiri majaji watatu wapatikane. Mwaka 2021 Morogoro ilipata Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, ambamo Mahakama Kuu na mahakama za chini zinakaa katika jengo moja, na safari ikafupika.

Mwaka mmoja kabla ya jengo hilo kuzinduliwa, mlango wenyewe ulikuwa umepunguzwa upana. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba, na kwa miaka mingi wanaharakati waliitumia kufungua kesi kwa ajili ya wengine. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yakaongeza sharti: anayeleta shauri chini ya Hati ya Haki aape kwa kiapo, akieleza jinsi yeye mwenyewe alivyoguswa na jambo analolilalamikia. Aliyemwona jirani akionewa na kutaka kusimama kwa niaba yake, karani wa masijala angemuuliza kilichompata yeye.

Kifungu cha 129 hakikuguswa na hukumu ya Dibagula, kwa sababu mahakama haikuombwa kukibatilisha. Kimo katika Kanuni ya Adhabu hadi leo. Mihadhara nayo inaendelea viwanjani Morogoro, na polisi hupewa taarifa.